Baba ameletewa ginseng: itamsaidia nini, na ainyweje?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ana miaka 61. Ana kisukari, huu ni mwaka wa tisa, na ana presha. Anameza metformini na glibenklamidi kwa ajili ya sukari, na amlodipini ya presha. Miezi ya karibuni anaamka amechoka, anasahausahau, na usiku miguu inamfa ganzi. Rafiki yake kamletea kiboksi cha vipande vyekundu vya mzizi wa ginseng pamoja na chupa ya kapsuli zilizoandikwa "Siberian ginseng". Ameambiwa inaongeza nguvu, inashusha sukari, inarudisha kumbukumbu, na mambo mengine ya wanaume ambayo mimi kama binti siwezi kumuuliza. Ni kweli? Inachemshwaje, na anywe kiasi gani, kwa muda gani? Mimi nanyonyesha mtoto wa miezi minne, na mama mkwe anataka ninywe pia.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mzuie baba asianze kwanza. Ginseng si uongo, ina kazi yake, ila kazi hiyo ni ndogo kuliko sifa inazopewa, na katika maelezo yako kuna jambo linalonishughulisha kuliko mzizi wenyewe.

Mtu aliyemeza metformini kwa miaka mingi, kisha akawa anachoka, anasahau na miguu inamfa ganzi, anatakiwa apimwe vitamini B12 kabla ya kufikiria mitishamba. Metformini hupunguza uwezo wa utumbo kufyonza vitamini hiyo, na upungufu wake huingia polepole, ukifanana na uzee. Ganzi inaweza pia kuwa ni kisukari chenyewe kilichoumiza mishipa ya fahamu, na kwa macho huwezi kutofautisha. Siku hiyohiyo apimwe wingi wa damu, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita), figo, na homoni za tezi ya thairoidi. Ginseng yaweza kumchangamsha kidogo, akajiona amepona, huku upungufu ukiendelea kuila mishipa ya fahamu. Mishipa iliyoachwa hivyo muda mrefu huenda isirudi kama zamani hata akichomwa sindano za B12.

Tuseme amepimwa, yaliyopatikana yanatibiwa, na bado anautaka mzizi wake. Hapo tuendelee.

Kiboksi na chupa si dawa moja

Jina ginseng linatokana na Kichina, renshen, na "ren" ni mtu, kwa kuwa mzizi uliokomaa huota kiwiliwili na matawi mfano wa mikono na miguu. Mimea inayostahili jina hilo ni ya jenasi ya Panax. Maarufu zaidi ni Panax ginseng, wa Korea, kaskazini-mashariki mwa China na mashariki ya mbali ya Urusi. Ndugu yake ni Panax quinquefolius, ginseng ya Marekani, ambayo padri Mjesuiti Joseph-François Lafitau aliitambua Kanada mwaka 1716, na baada ya hapo biashara ya kuupeleka mzizi huo China ikashika kasi. Wa tatu, Panax notoginseng, Wachina huutumia zaidi kwenye mambo ya damu na majeraha.

Zile kapsuli za "Siberian ginseng" ni mmea mwingine kabisa, Eleutherococcus senticosus. Wamo katika ukoo mmoja wa mimea, lakini hauna ginsenosidi, yaani zile kemikali zinazoifanya ginseng iwe ginseng. Marekani tangu 2002 sheria inakataza kuuandika mmea huo "ginseng" kwenye lebo. Jina linakopwa sana: ashwagandha huitwa ginseng ya India, maka huitwa ginseng ya Peru, na zote mbili hazihusiani na Panax. Kwa hiyo utafiti wowote nitakaoutaja hapa chini hauihusu chupa ya baba. Iwekeni kando. Pia kuna taarifa za mmea huo kuvuruga kipimo cha digoksini, dawa ya moyo, kwenye damu, jambo ambalo halimgusi baba lakini linaweza kumgusa mzee mwingine atakayegaiwa hizo kapsuli.

Kabla ya kununua ginseng yoyote, geuza kifungashio utafute jina la Kilatini. Pasipo na Panax, rudisha.

Wekundu wa vipande vyenu hautokani na aina ya mmea. Mzizi wa Panax ginseng ukivunwa, ukaoshwa na kukaushwa tu, hubaki na rangi ya krimu na huitwa ginseng nyeupe. Ukipikwa kwa mvuke wa moto saa mbili tatu kisha ukakaushwa, hugeuka hudhurungi yenye wekundu, na ndiyo ginseng nyekundu. Wakorea hutumia mizizi ya miaka sita kwa kazi hii. Mvuke haubadilishi rangi peke yake: baadhi ya ginsenosidi huvunjika na kuzaa nyingine, kama Rg3, ambayo kwenye mzizi mbichi ni haba. Mzizi uliopikwa pia hudumu zaidi, maana wadudu na ukungu huipenda sana ginseng nyeupe.

Kuna jambo moja linaloeleza kwa nini jirani mmoja huisifu ginseng na mwingine haoni kitu. Ginsenosidi ni molekuli kubwa zilizofungamana na sukari, na utumbo hauzifyonzi vizuri zikiwa hivyo. Bakteria wa tumboni ndio wanaomenya zile sukari na kuacha kitu kidogo kinachoweza kupita kuingia kwenye damu. Bakteria wa tumbo lako si wa tumbo langu, na mtu aliyetoka kumaliza dozi ya antibiotiki huwa amewafyeka kwa wingi. Kipimo kilekile kwa watu wawili huweza kuwa dawa mbili tofauti.

Sifa nne alizoambiwa

Uchovu ndio mahali ginseng inapojitetea vizuri kidogo. Utafiti mzuri kuliko mingi ulichapishwa Marekani mwaka 2013: wagonjwa 364 wa saratani wenye uchovu mkali walipewa miligramu 2,000 za ginseng ya Marekani kwa siku, au kapsuli mfano zisizo na dawa, kwa wiki nane. Wiki ya nne tofauti haikuwa ya kutegemewa. Wiki ya nane waliopewa ginseng walikuwa na nafuu zaidi. Shika hayo mawili: ni gramu mbili, na ni wiki nane. Anayekunywa siku tatu akasema amepata nguvu za ajabu, ama ni kafeini iliyochanganywa humo, ama ni furaha ya kupewa zawadi. Kamati ya mitishamba ya wakala wa dawa wa Umoja wa Ulaya inaitambua ginseng kwa ajili ya uchovu na udhaifu, lakini inaiweka kwenye kundi la matumizi ya jadi, maana yake imezoeleka miaka mingi bila ushahidi wa kutosha kuiweka daraja la juu.

Kumbukumbu: mapitio ya 2010 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakupata ushahidi wa kushawishi kwamba inanoa akili za watu wazima wenye afya, wala ushahidi bora kwamba inasaidia wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hapo baba asitegemee kitu. B12 ndiyo ya kutazamwa.

Mambo ya wanaume. Cochrane mwaka 2021 ilikusanya tafiti 9 zenye wanaume 587 wenye tatizo la uume kusimama. Kwa vipimo rasmi vya hospitali, ginseng ilileta mabadiliko madogo mno; wanaume wenyewe walipoulizwa, baadhi walisema mambo yanakwenda vizuri zaidi. Mpe baba karatasi hii asome mwenyewe kipande hiki, itakupunguzia aibu. Kwa mwenye kisukari na presha, uume kushindwa kusimama mara nyingi ni taarifa kwamba mishipa ya damu imeanza kuziba, na daktari anatakiwa aisikie kwa ajili ya moyo wake. Na kama kuna kidonge cha "ginseng ya wanaume" kinachofanya kazi ndani ya saa moja, kitiliwe shaka nzito. Mzizi hauna mwendo huo. Mamlaka za dawa zimekamata mara nyingi bidhaa za "asilia" za namna hiyo zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, na sildenafili ikikutana na dawa za moyo za kundi la naitreti, presha huporomoka kiasi cha kuua.

Sasa sukari, ambayo kwa baba ndiyo yenye maneno mengi.

Toronto, mwaka 2000, watafiti waliwapa watu 10 wasio na kisukari na 9 wenye kisukari aina ya pili gramu 3 za ginseng ya Marekani, kisha wakawanywesha gramu 25 za glukosi. Kwa wenye kisukari sukari haikupanda sana kama kawaida, ginseng ikinywewa dakika 40 kabla au papo hapo. Kwa wasio na kisukari ilisaidia pale tu ilipotangulia dakika 40. Habari hiyo ndiyo inayozunguka hadi leo kwenye matangazo. Kisichozunguka ni kilichofuata: kundi hilohilo la watafiti lilipotumia mzigo mwingine wa ginseng ya Marekani, wenye mchanganyiko tofauti wa ginsenosidi, sukari haikushuka. Walipojaribu ginseng ya Asia, yaani Panax ginseng, ambayo ndiyo mliyo nayo, mara haikufanya kitu, mara sukari ikapanda zaidi. Yote yamechapishwa 2003. Kwa hiyo kusema "ginseng inashusha sukari" ni kusema nusu: aina moja, mzigo mmoja, kwa kipimo fulani, ilishusha.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba huwezi kujua vipande vyenu viko upande gani, na baba anameza glibenklamidi. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi huishusha, huikamua kongosho itoe insulini hata kama mtu hajala, na kwa mtu mzima mwenye figo zilizoanza kuchoka hukaa mwilini muda mrefu. Ukiongeza kitu kinachoweza kuvuta upande huohuo, siku atakayoruka mlo ndiyo siku atakayoanguka. Dalili mzijue nyumbani: jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuongea ovyo kama mlevi. Pimeni. Ikiwa chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine zinazosoma kwa miligramu), korogeni vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, anywe, mpime tena baada ya dakika 15, na ikishapanda ale chakula. Asiyeweza kumeza asinyweshwe, apelekwe hospitali. Na hata akizinduka, glibenklamidi ina tabia ya kuishusha sukari tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo asiachwe peke yake usiku huo.

Kuhusu mafua, kwa kuwa watu huuliza: utafiti wa Kanada wa 2005, watu 323, miligramu 400 za kiini (dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mzizi) cha ginseng ya Marekani kwa siku kwa miezi minne. Waliopata mafua mara mbili au zaidi walikuwa asilimia 10 kwa waliotumia ginseng na karibu 23 kwa wasioitumia. Ni kiini maalumu cha kampuni moja, si chai ya vipande.

Dawa zake nyingine

Ginseng ya Korea, miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 28, ilipunguza kiasi cha midazolamu kwenye damu ya watu wazima wenye afya kwa takribani theluthi moja. Midazolamu ni dawa ya usingizi na baba haitumii, lakini hutumiwa na watafiti kama kipima njia, kwa sababu huvunjwavunjwa na kimeng'enya kimoja cha ini kiitwacho CYP3A. Ginseng ilikiamsha kimeng'enya hicho. Amlodipini ya baba hupitia hapohapo. Sisemi presha itapanda. Nasema apime presha kabla ya kuanza na aipime mara mbili kwa wiki, akiwa amekaa na kutulia dakika tano, kwa sababu hutajua kwa kumwangalia.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse. Kuna taarifa ya mwaka 1997 ya mwanaume wa miaka 47 mwenye vali bandia ya moyo: INR yake, kipimo cha damu kuchelewa kuganda, ilishuka kutoka 3.1 hadi 1.5 wiki mbili tu baada ya kuanza ginseng, ikapanda tena alipoiacha. Kwenye 1.5, vali ya namna hiyo inaweza kuotesha bonge la damu. Wengine wa kujiepusha ni wanaotumia dawa za msongo za kundi la MAOI kama fenelzini, wanaotumia imatinibi ya saratani ya damu (ini la mgonjwa mmoja liliumia), waliopandikizwa kiungo, na wenye historia ya wazimu wa kuchangamka kupita kiasi. Anayesubiri upasuaji aiache angalau siku saba kabla.

Kipimo, na jinsi ya kuchemsha

Tume ya mitishamba ya Ujerumani, Kommission E, iliweka gramu 1 hadi 2 za mzizi mkavu kwa siku, kwa muda usiozidi miezi mitatu. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinaandika gramu 3 hadi 9. Usishangae tofauti hiyo. Mganga wa Kichina huichemsha pamoja na mizizi mingine kwa mgonjwa anayemwona uso kwa uso, na huibadilisha dozi kila wiki. Mtu wa nyumbani akae kwenye gramu 1 hadi 2. Kwa baba, daktari wake akikubali, wiki ya kwanza iwe nusu gramu hadi gramu moja.

Tatizo ni kupima gramu moja. Mizani ya jikoni haioni kitu kidogo hivyo, na kijiko hakisaidii kwa vipande. Fanya hivi: hesabu vipande 20 vinavyolingana, viweke vyote kwenye mizani, gawanya. Vikiwa gramu 16, kila kipande ni gramu 0.8, na kimoja kinamtosha baba wiki ya kwanza. Andika hiyo namba kwenye kifuniko cha kiboksi ili mtu mwingine asije akatia vipande vitano kwa jicho.

Kabla ya kuchemsha, onja kipande. Ginseng halisi huanza na uchungu wenye harufu ya udongo, kisha utamu mwembamba hubaki nyuma ya ulimi. Ikianza na utamu mkali, au vipande vinanata vidoleni na kung'aa, vimelowekwa kwenye asali au sukari. Ni bidhaa halali, wengi huipenda, lakini si ya nyumba yenye kisukari. Mtego mwingine wa namna hiyo ni chai ya ginseng ya chengachenga katika vipakiti: nyingi ni sukari iliyopakwa kiini kidogo cha mzizi. Mgonjwa anainywa ishushe sukari, kumbe ndiyo inayoipandisha.

Loweka kipande kwenye mililita 400 za maji baridi, dakika 30, ndani ya sufuria ya udongo, enameli au steli isiyoshika kutu. Mzizi uliopikwa kwa mvuke ni mgumu kama pembe. Ukiutia kwenye maji yanayochemka moja kwa moja, nje hulainika na ndani hubaki mkavu, na nusu ya dawa unaitupa na makapi. Bandika, funika, maji yakianza kuchemka punguza moto hadi yawe yanatokota tu pembeni. Acha dakika 30 hadi 40, hadi ibaki kama mililita 250, rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo. Moto mkali bila kifuniko ni kosa la kawaida: maji hukauka, kipande hushika chini, na kinywaji huwa na ladha ya kuungua. Chuja. Kipande kimelainika sasa, akitafune akile. Kilichobaki ndani yake ni sehemu ya dozi aliyokwisha kuhesabiwa. Asiyependa kutafuna akichemshe mara ya pili jioni kwa ajili ya kesho, akiweke kwenye friji.

Anywe asubuhi, akiwa ameshakula kitu. Baada ya saa nane mchana asinywe, kwa kuwa kukosa usingizi ndiyo kero inayolalamikiwa zaidi, na mtu aliyekosa usingizi atasema bado amechoka na ataongeza dozi. Kahawa na chai nzito azipunguze siku hizo. Mengine yanayotokea ni kichwa kuuma, tumbo kulegea, na moyo kwenda mbio.

Muda: wiki nane, kisha aache. Wiki moja kabla ya kuanza aandike kila siku sukari ya asubuhi kabla hajala, na ya saa mbili baada ya mlo mkubwa. Aandike pia uchovu wake kwa namba, 0 hadi 10. Aendelee hivyo. Sukari ya asubuhi ikianza kusoma chini ya 4.5 mara mbili mfululizo, asimamishe ginseng na ampigie daktari. Asipunguze glibenklamidi kwa akili yake, na wala asiache metformini kwa sababu "mzizi unafanya kazi". Wiki ya nane namba ya uchovu isiposogea, vipande vilivyobaki vigeuzeni zawadi kwa mwingine asiye na dawa za kumeza.

Mkinunua kapsuli siku nyingine

Lebo za kapsuli zina hesabu ya kuchezea macho. Kapsuli moja inaandikwa "unga wa mzizi mg 500". Nyingine "kiini mg 200, ginsenosidi 4%". Ya kwanza inaonekana kubwa. Mzizi wa kiwango cha kawaida una ginsenosidi angalau asilimia 1.5, kwa hiyo mg 500 za unga zina kama mg 7.5. Kiini cha mg 200 kwa asilimia 4 kina mg 8. Zinakaribiana. Ya tatu inaandikwa kwa herufi nene "mg 2,000", na chini kwa herufi za sisimizi inaeleza kwamba ni kiini mg 200 cha 10:1. Hiyo 10:1 inasema mizizi kilo kumi ilitoa kiini kilo moja, haisemi ndani mna ginsenosidi kiasi gani. Isiyotaja asilimia ya ginsenosidi, au isiyosema kama ni mzizi ama majani, iache dukani. Tafiti nyingi za kiini cha asilimia 4 zilitumia mg 200 kwa siku, kwa hiyo anayemeza mbili asubuhi na mbili jioni amejipandishia dozi bila kujua.

Vipande vyenu viwekeni kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko. Mkiona unga mweupe laini unaokaa kama pamba, au harufu ya stoo iliyovuja, tupeni vyote. Kukata sehemu yenye ukungu hakusaidii, kwa kuwa mizizi yake huwa imeshaingia ndani. Vitundu vidogo vyenye vumbi chini ya kiboksi ni dalili ya wadudu.

Kwako wewe unayenyonyesha, jibu ni hapana. Usalama wake kwa mtoto wa miezi minne haujathibitishwa, na kwenye maabara ginsenosidi moja, Rb1, ilileta kasoro kwenye viinitete vya panya, ndiyo maana hata wajawazito huambiwa wakae nayo mbali. Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba umeambiwa usubiri. Kama uchovu wako ni zaidi ya ule wa kuamshwa usiku, unapompeleka baba kupima damu, nawe pimwa wingi wa damu na madini ya chuma siku hiyohiyo.